Mama Fishi na Mstari wa Kijani

Mama Fishi hakuamini mstari wa kijani. Nasema ule unaotambaa kwenye skrini wakati kompyuta inahamisha mafaili, ambao ukifika mwisho huandika "imekamilika", nami hujinyoosha kitini na kwenda kutafuta chai. Yeye alikuwa akisimama nyuma yangu, mikono ameikunja ndani ya kitenge, na kuuliza swali lilelile kwa sauti ya chini, akiniita papa kama tunavyomwita kila mwanamume:

"Ulihesabu, papa?"

Nilifanya kazi naye miaka sita na swali hilo lilinikera kila nilipolisikia. Fundi wa kompyuta ni mimi. Nina karatasi ya chuo, mama yangu ameitundika sebuleni. Yeye alijifunza kushika kipanya nywele zimeshakuwa nyeupe, na mpaka mwisho alikishika kwa vidole viwili, kama kitu kilichookotwa barabarani. Halafu aniulize mimi kama nimehesabu! Nilikuwa nikimjibu, "Mama, mashine inahesabu yenyewe," naye habishani. Anavuta kiti, anakaa kando yangu, anaanza kuhesabu kwa kidole juu ya kioo, na kuniachia alama za vidole ambazo nilizifuta kila siku kwa hasira.

Kazi yetu ilikuwa kutafuta watoto. Ofisi ilikuwa vyumba viwili vya mbao pale mtaani Mapendo, na waliokuja kwetu walikuwa wazazi waliopotezana na watoto wao wakati wa kukimbia vita, au watu waliookota mtoto njiani na hawajui ni wa nani. Kila mtoto alikuwa na karatasi yake moja, fishi, yenye picha yake, umri wake, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Swali la mwisho lilitofautiana. Kwa mtoto aliyepatikana, fishi iliuliza anakaa kwa nani sasa. Kwa mtoto ambaye bado hajulikani aliko, iliuliza nani anamtafuta. Mimi nilizipiga picha na kuzihifadhi mtandaoni, kwa sababu karatasi katika mji huu haina maisha marefu, na baada ya hapo tulitegemea nakala ya mtandaoni peke yake. Yeye ndiye aliyezijaza, na jina likamganda. Sidhani kama kuna mtu Mapendo aliyemwita vingine.

Namna yake ya kujaza ilikuwa ya peke yake. Hakukaa ng'ambo ya meza. Alizungusha kiti chake akakaa bega kwa bega na mzazi, wote wawili wakiitazama karatasi, na aliuliza bila kumwangalia mtu usoni. Aliwahi kunieleza sababu. "Mutu akikuangalia, unataka kujibu vizuri. Miye nataka ajibu kweli." Swali la mwisho aliliuliza polepole kuliko yote, kisha aliinua kalamu na kungoja. Niliwaona wanaume wakubwa, wenye ndevu, wakishindwa kulijibu. Machozi aliyakataza ofisini, eti yanalowesha fishi, lakini droo yake ilijaa vitambaa vya mkononi vilivyopigwa pasi, na kila Jumatatu vilikuwa vimefuliwa upya.

Alikuwa mtu wa mpangilio usiojua huruma. Fishi ikiwekwa kichwa chini aliiona kutoka mlangoni. Mkoba wake lakini! Siku moja alinituma nimtolee miwani mle ndani, nikatoa kitunguu, kufuli lisilo na ufunguo, soksi moja, na nusu ya mkate uliokwisha kuwa jiwe. Miwani alikuwa ameivaa. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nilikaa nimenuna kwa sababu nilikuwa na kazi.

Kilichonikera zaidi ni kwamba alikuwa wa mwisho kila mahali. Gari la maji likija, anapanga foleni na kidumu chake, halafu kila anayefika nyuma yake anampisha. Huyu ana mtoto mgongoni, pita mama. Huyu ameacha chungu motoni, pita. Mara ngapi maji yaliisha yeye amesimama pale na kidumu kitupu. Chakula cha ofisini, maharage na sombe, yale majani ya muhogo, alipakua baada ya sisi wote, na alikuta ukoko. Nilimwambia wazi kwamba huo ni ujinga, kwamba watu wanamtumia. Akasema, "Papa, weye una haraka kama motari wa Birere," akinifananisha na madereva wa pikipiki za abiria, akaendelea kukwangua sufuria.

Hakuwa mpole, mtu asinielewe vibaya. Niliwahi kumwona akimfukuza mgeni mwenye cheo, aliyekuja na kamera, kwa sababu alianza kupiga picha za akina mama barazani bila kuwauliza. Na sheria zake hazikujadiliwa. Iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa hii: faili la mtoto liandikwe jina moja tu, lile analoitwa nyumbani. La ukoo na la baba yabaki ndani ya fishi.

Sheria hiyo ilizaliwa kwenye bariere, kizuizi cha barabarani. Mwenzetu mmoja alikuwa anarudi kutoka kambi ya wakimbizi akiwa na orodha ya faili kwenye simu. Mwenye bunduki akaichukua simu, akasoma majina ya wavulana kwa sauti, jina, la baba, la ukoo, kisha akauliza mmoja wao anakaa wapi. Mwenzetu alisema hajui. Kesho yake watu wawili walifika kwenye familia iliyomlea mtoto yule wakamuulizia kwa majina yote matatu. Mama Fishi alikuwa amekwisha kumhamisha alfajiri ileile, yeye mwenyewe, kwa miguu. Tangu hapo ikawa jina moja. Hakuna aliyepinga, mimi nikiwa wa kwanza kuona ni akili.

Sasa nieleze lile juma, kwa sababu bila hilo sina haki ya kumchora mtu huyu.

Aliyekuwa akitulipia hifadhi yetu ya mtandaoni alitutumia barua kwamba anaacha. Hifadhi ingefungwa Ijumaa saa sita mchana, na chochote kitakachobaki ndani kingefutwa. Nilipata hifadhi nyingine, ya bure, nikaunganisha ya zamani na mpya zihamishiane zenyewe, na mwisho wa juma nikaiacha kompyuta ifanye kazi. Jumatatu asubuhi mstari wa kijani ulikuwa umefika mwisho. Imekamilika. Nikaandika ripoti nikaituma hapohapo. Mama Fishi akauliza swali lake. Nikamwambia, kwa sauti ambayo mpaka leo naionea haya, "Mama, ile kazi ni yangu."

Jumanne akaja mama wa sambaza. Tulimwita hivyo kwa sababu aliuza samaki wale wadogo wa ziwani karibu na ofisi. Ni Mnande kwa kabila, wa upande wa Butembo, na mtoto wake wa pili wa kiume alikuwa amepotea katika msongamano wa watu waliokuwa wakikimbia. Juma lililotangulia, baada ya miezi mingi ya kuja kila Jumanne, alikuwa ameiona picha yake kwenye kompyuta yangu na kuanguka magotini. Mtoto alikuwa hai, kwa familia fulani upande wa Rutshuru. Mahali penyewe na namba ya simu ya kuwapata vilikuwa ndani ya fishi, si penginepo. Siku hiyo alitaka tu kuiona picha tena kabla ya safari. Nikafungua hifadhi mpya kwa madaha, nikatafuta jina la mtoto, Kambale, nikabonyeza.

Akaitazama. Akaniangalia mimi, kisha akaitazama tena.

"Huyu hapana wangu," akasema. "Wangu iko wapi?"

Nikatafuta tena. Kambale alikuwa mmoja tu katika folda nzima, na hakuwa wake. Mama Fishi alimshika mama wa sambaza mkono, akamketisha, akampa kitambaa kilichopigwa pasi, kisha akavuta kiti chake mpaka kando yangu.

Tulihesabu kwa kidole, hifadhi ya zamani upande huu, mpya upande ule. Zilipungua fishi thelathini na moja. Watoto thelathini na mmoja ambao ripoti yangu ilisema wamefika.

Mimi niliulaumu mtandao, maana mtandao wa hapa hauchoki kulaumiwa. Nikarudia kuhamisha kutwa nzima ya Jumatano. Ukafika mwisho, imekamilika, na zilikosekana thelathini na moja. Nikasema basi ni mtandao wa kampuni hii, nikabadilisha laini ya simu. Thelathini na moja. Hapo ndipo mama aliyeshika kipanya kwa vidole viwili alipoifanya kazi yangu.

"Papa, kama ni rezo, ule mutandao, ingekuwa inaangusha huyu leo, kesho ule. Juu ya nini inakataa batoto balebale?"

Nikapima ukubwa wa faili, sawa. Nikaangalia ruhusa, sawa. Tulilazimika kufunga saa kumi, kwa sababu hali ya mji haikuruhusu mtu kukutwa barabarani giza likiingia. Alhamisi umeme haukuwepo kabisa, na betri ya kompyuta ilitutosha kufungua orodha tu. Akaniambia nimsomee majina ya waliokosekana. Nikasoma. Kambale. Kambale. Masika. Kambale. Masika. Kasereka. Bahati. Kambale tena.

Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza alinitazama usoni.

"Weye uko Kambale, na haukuona?"

Ndiyo, mimi ni Kambale. Kwetu Wanande mtoto wa pili wa kiume ni Kambale, na msichana wa kwanza ni Masika, nyumba baada ya nyumba, mlima baada ya mlima. Ukiita Kambale sokoni Butembo, nusu ya soko itageuka. Na Bahati, hata kwa wasio Wanande, amejaa kila mtaa. Hifadhi ya zamani ilikubali wengi wa jina moja wakae folda moja kwa amani. Mpya ilimpokea wa kwanza, na kila aliyemfuata ikamwambia huyu tunaye tayari, ikamruka, na kuhesabu kwamba kazi imefanyika. Mnande mwenye karatasi ya chuo hakuliona hilo. Aliliona Mama Fishi, mtu wa Rutshuru, anayesali kwa Kinyarwanda.

Nilidhani atafurahi. Aliweka mikono juu ya magoti.

"Ni miye," akasema. "Miye njo nilisema baandike jina moja."

"Mama, ile sheria iliokoa batu."

"Iliokoa. Na sasa iko nabapoteza. Haya, fanya kitu."

La kufanya lilijulikana. Kuzishusha zile thelathini na moja kutoka hifadhi ya zamani, kuipa kila moja namba yake mbele ya jina, na kuipandisha hifadhi mpya, basi. Kazi ya saa mbili kwa mtu mwenye umeme. Betri ikazimika, saa ya kufunga ikatukuta, na Ijumaa asubuhi umeme ulikuwa haujarudi. Tulipanda pikipiki moja, kompyuta nimeikumbatia, mpaka mtaa wa Katindo, kwenye duka la fotokopi lenye jenereta, karibu na kambi ya jeshi. Hakuna anayependa kufungua orodha ya watoto mbele ya macho ya wenye bunduki wanaopitapita, lakini tulikuwa hatuna pengine. Mama Fishi alisimama nyuma yangu ametanua kitenge chake kama anakikung'uta, kumbe anaiziba skrini.

Nilijaribu kuzishusha zote kwa mkupuo. Ikakatika. Nikajaribu tena, ikakatika, na saa nne ikapita. Nikaamua moja moja. Aliyepanga foleni ni yeye. Wa kwanza Kambale wa mama wa sambaza. Ilishuka nusu, ikasimama. Nilisikia pumzi yake juu ya kisogo changu. Ikaendelea. Nikaifungua, na yule mtoto akatutazama, kovu dogo juu ya jicho, kama alivyokuwa ametuambia mama yake. Mama Fishi akasema, "Mumoja." Wa pili. Wa tatu. Alihesabu kwa sauti, na wateja wa fotokopi wakadhani amechanganyikiwa.

Saa sita kasoro kidogo zilibaki mbili, Masika na Bahati. Bahati alikuwa faili dogo, la zamani kabisa, nikataka nianze naye. Akanishika mkono.

"Masika kwanza."

"Mama, huyu ni mwepesi, anashuka mbio!"

"Masika kwanza. Ule atangojea."

Masika akashuka polepole, kwa kukwama na kujikwamua, mpaka mwisho. Nikambonyeza Bahati. Ukurasa ukaniambia kwamba akaunti hii haipo tena.

Nilipiga ngumi mezani hata mwenye duka akanifokea. Nilimgeukia Mama Fishi nikamwambia maneno makali, kwamba ubishi wake umetukosesha mmoja, kwamba hajui kazi, aache wanaojua. Alikunja kitenge chake, akasema twende tukampe mama wa sambaza habari yake. Majuma mawili baadaye Kambale yule alishuka kwenye gari mbele ya ofisi na mama yake akaziacha sambaza zote barabarani, mbuzi wakazikanyaga, hakuna aliyejali. Ripoti yangu ya Jumatatu, iliyosema imekamilika, sikuirekebisha. Thelathini nilizipandisha hifadhi mpya kwa namba zao, nikajiambia tumekosa mmoja tu, na wa zamani. Nani atauliza.

Kisha fedha ziliisha na ofisi ikafungwa. Fishi zetu zilichukuliwa na shirika jingine, mimi nikabaki na ruhusa ya kuongeza mpya pale wanaponiomba. Mwenye duka la fotokopi, yule aliyenifokea, alinipa kazi. Mama Fishi sikumwona tena kwa muda mrefu. Nitasema kweli, sikumtafuta. Niliona haya.

Mwaka huu, siku moja mchana, duka limejaa, niliinua kichwa nikamwona nyuma ya watu wote. Amekonda. Mkoba uleule. Kila aliyeingia alimpisha, pita papa, pita mama, na mimi nilikuwa nahudumia watu huku nikijua kwamba kadiri ninavyoharakisha ndivyo anavyoongeza wengine mbele yake. Alipofika kwangu duka lilikuwa tupu.

Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani. Kambale wa mama wa sambaza amekuwa mrefu, akasema, anamzidi mama yake. Kisha nikashindwa kuvumilia.

"Mama, ile siku tulikosa mumoja. Na ripoti yangu inasema wote balifika. Sikuibadilisha."

"Najua. Niliisoma."

"Sasa?"

Alifungua mkoba, akatafuta kitu, hakukipata, akaufunga.

"Ule Bahati ni wangu," akasema. "Mutoto wangu wa mwisho. Miye mwenyewe nilimujazia fishi, zamani, mbele weye haujafika."

Nilikaa. Nilikumbuka neno kwa neno nililomwambia mbele ya watu.

"Mama, juu ya nini haukuniambia? Dakika mbili tu!"

"Ule Masika mama yake alikuwa nangojea mwezi mumoja. Miye nimezoea kungojea." Alisema bila kujivuna, kama anayetaja bei ya kitu. "Kilichoniumiza si fishi, papa. Ni ile ripoti yako. Mutoto anahesabiwa amefika, na hakufika. Hakuna mutu atamutafuta tena."

Sikuomba msamaha. Nilifunga nusu ya mlango, nikatoa kiti changu nyuma ya meza, nikakizungusha nikakaa bega kwa bega naye. Nikafungua fishi mpya kwenye kompyuta.

"Jina?"

"Bahati."

"Umri?"

Akafikiri, kwa sababu ni lazima kuchagua: umri wa siku ile au wa leo. Akasema vyote viwili, nikaandika vyote viwili. Akataja mahali, kijiji kimoja nje kidogo ya Rutshuru, njia panda, asubuhi, shati la shule. Nikafika kwenye picha.

"Ilikuwa ile moja," akasema. "Ingine iliungua na nyumba. Acha wazi. Sura yake naijua."

Likabaki swali la mwisho. Nililiuliza polepole, bila kumwangalia, kama alivyonifunza bila kunifunza.

"Nani anamutafuta?"

Aliyeuliza swali hilo mara zisizo na idadi alifungua mkoba wake, akaufunga tena. Nikaondoa vidole kwenye vitufe nikangoja.

"Andika mama yake," akasema.

Nikaandika. Nikaweka namba mbele ya jina, nikaituma. Mstari wa kijani ukatambaa, ukafika mwisho. Kisha nikafungua ile ripoti ya zamani, nikafuta neno "imekamilika", nikaandika kwamba mmoja hakufika na anatafutwa, nikawatumia wote wanaohusika.

Mama Fishi alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono ndani ya kitenge.

"Bahati amefika?" akauliza.

Nikafungua hifadhi mpya, nikaweka kidole juu ya kioo, nikahesabu wote mmoja mmoja kabla sijamjibu.